Haki waliyopewa vigogo wa mauaji ya kimbari wapewe na mahabusu wa kawaida

Mjadala kuhusu mahakama za kimataifa katika nchi zetu za Afrika Mashariki huzunguka maswali mawili: nani kapelekwa, na nani kaachwa. Ulikuwa hivyo Wakenya sita walipotajwa na mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ICC, ya The Hague Desemba 2010, na ulikuwa hivyo miaka yote ambayo mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa Arusha. Swali la tatu, linalomgusa zaidi mtu wa kawaida, haliulizwi sana: majaji hao wakishafunga majalada yao na kuondoka, wanaacha nini katika mahakama zetu? Je, mtuhumiwa wa wizi wa ng'ombe aliyeko mahabusu leo anasikilizwa vizuri zaidi kwa sababu Arusha iliwahi kuamua jambo? Jibu langu ni kwamba maamuzi hayo yanaweza kubadili sheria za nchi, tena kwa kasi ambayo semina na ripoti za wataalamu hazijawahi kuifikia. Lakini huzibadili pale yanapobeba sharti, na mageuzi yanayozaliwa na sharti huelekea kuwafaa wale wachache waliokusudiwa. Kuyafikisha kwa wengine wote ni kazi ya bunge na wananchi, na hapo ndipo tumekuwa wazito.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Rwanda. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipounda mahakama ile kwa azimio namba 955 la Novemba 8, 1994, Rwanda, ambayo mwaka huo ilikuwa na kiti katika Baraza, ilipiga kura ya kupinga. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa adhabu ya kifo: sheria ya Rwanda ilikuwa nayo, mahakama mpya haikuwa nayo. Maana yake ni kwamba waliopanga mauaji wangehukumiwa na mahakama ya kimataifa na kubaki hai, ilhali waliotumwa kuua wangehukumiwa nyumbani na kuuawa. Ndivyo ilivyotokea. Aprili 24, 1998 watu 22 waliotiwa hatiani na mahakama za Rwanda walipigwa risasi hadharani. Septemba mwaka huohuo Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji hayo, alipewa kifungo cha maisha mjini Arusha. Kosa lilikuwa moja, na aliyekuwa juu ndiye aliyepata nafuu. Tofauti hiyo kati ya mkubwa na mdogo tutakutana nayo tena.

Mambo yalianza kugeuka mahakama ya Arusha ilipotakiwa kufunga kazi. Mwaka 2003 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1503, liliitaka ishughulike na viongozi wakuu na kuhamishia mahakama za nchi kesi za watuhumiwa wa ngazi za kati na za chini. Rwanda ilizitaka kesi hizo kwa hamu, kwa sababu za haki na za heshima pia: ni nchi ipi isiyotaka kuaminiwa kuwahukumu watu waliowaua raia wake? Lakini kanuni za mahakama ile ziliruhusu uhamisho iwapo tu majaji wameridhika kwamba mshtakiwa atasikilizwa kwa haki na hatapewa adhabu ya kifo. Kwa hiyo Machi 2007 Rwanda ilitunga sheria maalumu ya kupokea kesi kutoka Arusha, na Julai mwaka huo ikafuta adhabu ya kifo kwa makosa yote. Nchi iliyopinga mahakama ile miaka 13 nyuma kwa sababu haikuwa na adhabu ya kifo, sasa iliifuta yenyewe.

Hata hivyo, majaji hawakuridhika. Mei 28, 2008 walikataa kumhamisha mtuhumiwa Yussuf Munyakazi, na katika wiki zilizofuata wakakataa maombi mengine ya aina hiyo. Oktoba 8 mwaka huo majaji wa rufani waliunga mkono kukataa huko kwa sababu mbili. Kwanza, sheria za Rwanda ziliacha uwezekano wa mtu kufungwa maisha akiwa ametengwa peke yake, bila kinga za kutosha dhidi ya ukatili wa adhabu hiyo. Pili, mashahidi wa utetezi waliokuwa ndani ya nchi wangeogopa kujitokeza, na waliokuwa nje wasingethubutu kurudi. Lakini majaji hao wa rufani waliitengua sababu nyingine iliyotolewa na wenzao wa awali, iliyotilia shaka uhuru wa mahakama za Rwanda. Uamuzi huo una uzito wake. Rufani haikuilaani nchi nzima. Ilitaja kasoro mbili ambazo mwandishi wa sheria angeweza kukaa nazo mezani akazirekebisha.

Na zilirekebishwa. Novemba 2008 sheria ilifafanua kwamba kifungo cha kutengwa hakitawahusu watu waliohamishwa. Mei 2009 sheria ya uhamisho ilibadilishwa: shahidi asishtakiwe kwa maneno aliyoyasema akitoa ushahidi, aliye nje ya nchi aweze kusikilizwa kwa njia ya video au mbele ya jaji huko aliko, na kesi nzito iweze kusikilizwa na jopo la majaji badala ya jaji mmoja. Juni 28, 2011 majaji wa Arusha wakakubali kumhamisha mchungaji Jean Uwinkindi, rufani ikathibitisha Desemba, na Aprili 2012 akapelekwa Kigali. Milango mingine ikafunguka. Oktoba 2011 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema Sweden isingevunja haki za mtuhumiwa Sylvère Ahorugeze kwa kumkabidhi kwa Rwanda, na Machi 2013 Norway ikamkabidhi Charles Bandora. Katika miaka minne tu, kuanzia sheria ya 2007 hadi uamuzi wa 2011, vipengele vya mwenendo wa mashauri ya jinai ambavyo kwingineko hujadiliwa kwa kizazi kizima viliandikwa, vikakataliwa, vikaandikwa upya na kukubaliwa.

Si ufasaha wa majaji uliofanya hayo yawezekane. Mahakama ile ilikuwa na kitu ambacho Rwanda ilikitaka, ikakizuia kwa sababu zilizotajwa waziwazi, kisha ikaacha nafasi ya kuomba tena. Sharti likikosa zawadi huishia kuwa nasaha, na likikosa kutaja kasoro halisi serikali hujibu kwa tamko la jumla. Ndiyo maana hukumu kubwa zinazosifiwa katika vitabu vya sheria, kama ile ya Jean-Paul Akayesu ya Septemba 2, 1998 iliyotambua kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, zilibadili fikra za wanasheria duniani lakini hazikuilazimisha serikali yoyote kurekebisha kifungu fulani cha sheria kufikia tarehe fulani. Munyakazi, ambaye jina lake halijulikani na wengi, aliisukuma sheria ya nchi kuliko Akayesu.

Kenya inaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Machi 2011 serikali yake iliiomba ICC iachie kesi za ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Hoja yake kubwa ilikuwa mageuzi: Kenya ina katiba mpya, inaijenga upya idara ya mahakama, basi iaminiwe kufanya kazi hiyo nyumbani. Agosti 30 mwaka huo majaji wa rufani walikataa. Walisema ahadi na mipango haitoshi, kwamba nchi inapaswa kuonyesha inawachunguza watu walewale kwa matendo yaleyale kwa hatua zinazoonekana. Kisheria uamuzi ulikuwa sahihi, lakini haukuacha kazi ya kuandika upya sheria ya mwenendo wa mashauri. Uliitaka serikali iwachunguze vigogo wake yenyewe, na kwa hilo hapakuwa na utashi. Februari 2009 bunge lilikuwa limeukataa muswada wa mahakama maalumu ya nyumbani. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya William Ruto na Joshua Sang ikakoma Aprili 2016, huku majaji wakizungumzia mashahidi kuingiliwa. Mageuzi makubwa ya mwenendo wa jinai nchini Kenya hayakutoka The Hague. Yalitoka kwa wapiga kura wa Agosti 4, 2010, walioipitisha katiba inayotaka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 na aonyeshwe mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake. Haki hizo ni za kila mtu, awe mbunge au kondakta wa matatu.

Hapo ndipo kasoro ya mfano wa Rwanda inapojitokeza. Kinga zilizoandikwa 2008 na 2009 ziliandikwa kwa ajili ya watu wachache wanaotoka Arusha au kukabidhiwa na nchi nyingine. Waliofikishwa Kigali na mahakama ya Arusha na ile iliyorithi majukumu yake ni watatu. Wakati sheria hiyo ikinolewa, mahakama za kijamii za gacaca zilikuwa zikisikiliza karibu kesi milioni mbili kabla ya kufungwa Juni 2012, na mshtakiwa wa huko hakuwa na wakili. Siwalaumu walioanzisha gacaca. Nchi ilikuwa na mahabusu zaidi ya 100,000 na majaji wake wengi walikuwa wameuawa au kukimbia, na bila njia ya mkato wengi wangezeeka gerezani bila kusikilizwa. Lakini ukweli unabaki: mkulima aliyeshiriki mauaji kijijini alihukumiwa kwa utaratibu mwepesi, na yule aliyetuhumiwa kumchochea alipata wakili, video, ulinzi wa mashahidi na waangalizi wa kimataifa. Tofauti ile ya 1998, ya aliye juu kupata nafuu, ilirudi kwa sura nyingine.

Uganda nayo ilitengeneza chumba maalumu. Kitengo cha Makosa ya Kimataifa cha Mahakama Kuu, kilichochipuka kutokana na mazungumzo ya amani na waasi wa Lord's Resistance Army (LRA), kilipata kanuni zake mwaka 2016, zikiwemo zinazowapa waathirika nafasi ya kushiriki kesi kwa mtindo wa ICC. Ni hatua ya maana katika mfumo ambao mwathirika huwa shahidi tu. Lakini mshtakiwa wake mashuhuri, Thomas Kwoyelo, alikamatwa mwaka 2009 na kutiwa hatiani Agosti 2024. Miaka 15 mahabusu si haki kwa mshtakiwa, wala kwa wanavijiji wa kaskazini waliokuwa wakisubiri kusikia nani atawajibika. Kanuni zilisafiri kutoka The Hague hadi Kampala, lakini bajeti, wapelelezi na nidhamu ya ratiba havikusafiri nazo.

Kwa bahati nzuri, yapo maamuzi ya Arusha ambayo somo lake halihitaji chumba maalumu. Jean-Bosco Barayagwiza, mmoja wa waanzilishi wa redio ya chuki ya RTLM, alikamatwa Cameroon mwaka 1996 na akakaa muda mrefu bila kuelezwa mashtaka yake wala kufikishwa mbele ya jaji. Novemba 3, 1999 majaji wa rufani waliamuru aachiwe. Rwanda ilikasirika na kusitisha ushirikiano, na Machi 2000 majaji, baada ya kupokea taarifa mpya, wakarejesha kesi. Lakini kanuni haikufutwa. Alipotiwa hatiani 2003 alipewa miaka 35 badala ya kifungo cha maisha, kwa sababu haki zake zilivunjwa akiwa kizuizini. André Rwamakuba, waziri wa elimu wa serikali ya Kambanda, aliachiwa huru 2006 na mwaka uliofuata akapewa fidia ya dola 2,000 kwa sababu alicheleweshewa wakili katika miezi yake ya kwanza. Fedha hizo ni kidogo, lakini kilichoamuliwa ni kikubwa: mamlaka ikimkosea mshtakiwa, kosa hilo lina bei, hata kama anayedai ni mtu ambaye hakuna anayempenda.

Sasa linganisha na maneno ambayo kila mwandishi wa habari za mahakamani Tanzania ameyaandika mara nyingi: upelelezi bado haujakamilika, shauri linaahirishwa. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, ila makosa makubwa yakaachwa nje ya kinga hiyo. Walioachwa nje ndio hasa wanaokaa mahabusu muda mrefu zaidi, na wengi wao hawana haki ya dhamana. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, mtu aliyewahi kuwaongoza waendesha mashtaka wa mahakama ileile ya Arusha. Uzoefu umerudi nyumbani, na hakuna wa kusingizia kwamba haujui. Kinachokosekana ni sharti kama lile ambalo Rwanda iliwekewa mwaka 2008: jaji anayesema kwamba bila kutimiza hili, hupati unachotaka.

Wapo watakaosema huu ni ukoloni uliovaa joho. Kwa nini majaji wa kigeni waamue Waafrika watunge sheria gani? Hoja hii ina nguvu dhidi ya mahakama inayochagua nani wa kushtakiwa kwa kuangalia ukubwa wa nchi yake. Haina nguvu hapa. Rwanda haikulazimishwa kupokea kesi yoyote, iliziomba. Vigezo vilivyotumika havikubuniwa Ulaya kwa ajili yake, kwani viko katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 1975. Na mwisho wa yote, Rwanda ndiyo iliyopata hadhi iliyoitafuta, ya kuaminiwa na mahakama za wengine.

Wengine watauliza kama mageuzi hayo hayakuwa ya karatasi tu. Swali ni la haki. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikataa kuwakabidhi kwa Rwanda washukiwa watano, miaka sita baada ya Arusha kuridhika. Katika kesi ya Uwinkindi mwenyewe ulizuka mgogoro wa malipo ya mawakili, akabaki anawakataa waliowekwa badala ya wale wa kwanza, hadi alipohukumiwa kifungo cha maisha Desemba 30, 2015. Kifungu cha sheria hakimlipi wakili. Lakini hili linaonyesha kwamba sharti lisiishie siku ya uhamisho. Kesi hiyo ilifuatiliwa na waangalizi, baadaye wakiwa wanasheria wa tawi la Kenya la Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, na majaji walibaki na uwezo wa kuirudisha. Uwinkindi aliomba irudishwe, akasikilizwa, ombi likakataliwa kwa sababu zilizoandikwa. Mahabusu wetu wa kawaida hana mwangalizi wala pa kuomba hivyo.

Ipo pia hoja ya gharama, pamoja na ile kwamba mahakama hizo zenyewe hazitendi zinayoyahubiri. Théoneste Bagosora, mmoja wa washtakiwa wa Arusha, alikamatwa 1996 na hukumu yake ya kwanza ikatoka Desemba 2008. Ni aibu, na anayeitetea Arusha asiifiche. Hata hivyo, daktari anayevuta sigara hajaifanya sigara kuwa salama. Na kuhusu fedha, ni kweli ulinzi wa mashahidi na mawakili wa umma vinahitaji bajeti. Lakini kumweleza mtu kosa analotuhumiwa nalo hakuhitaji mfadhili. Kumpa mshtakiwa nakala ya ushahidi kunahitaji karatasi. Kumkinga shahidi asishtakiwe kwa alichosema kizimbani ni ibara moja ya sheria. Gharama kubwa kweli ni kumlisha mahabusu kwa miaka akisubiri jalada lisilotembea.

Yapo tena manung'uniko ya mtaani, ambayo mwanasiasa huyasikia kuliko yote: kwa nini tuhangaike na haki za wauaji na wezi? Wahenga walishajibu: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtu asiyeelezwa kosa lake, asiyepata wakili, ambaye mashahidi wake wanaogopa, anaweza kuwa muuaji, na anaweza kuwa jirani aliyesingiziwa kwa sababu ya shamba. Utaratibu ndio njia pekee tuliyonayo ya kuwatofautisha wawili hao. Arusha iliwashtaki watu 93, na 14 kati yao wakaachiwa huru. Kama makosa mazito kiasi hicho yalikuwa na washtakiwa ambao hatia yao haikuthibitika, mahakama za wilaya haziwezi kudai kwamba kila anayeletwa na polisi ana hatia.

Kwa hiyo wabunge wetu wasingoje jaji wa kimataifa azuie kitu ndipo waandike sheria njema. Waweke ukomo wa upelelezi kwa makosa yote, makubwa yakiwa ya kwanza. Wampe jaji uwezo wa kupunguza adhabu au kuamuru fidia pale haki ya mshtakiwa inapovunjwa. Waitoe kinga ya mashahidi katika kesi maalumu waifikishe kwenye kesi za kila siku. Kila sheria inayompa haki fulani mshtakiwa wa kesi kubwa iulizwe bungeni swali moja: kwa nini asipewe na mwingine? Rwanda ilithibitisha kwamba nchi ikitaka kuaminiwa, inaweza kuandika upya mwenendo wake wa jinai kwa miaka minne. Wananchi walio mahabusu wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa wale ambao serikali inahitaji kuaminiwa nao.